Gari Hili Lilikuwa la Nani?

Hapa Malindi gari refu likipita Lamu Road hakuna anayeuliza injini yake ina ukubwa gani. Watu huuliza la nani. Likiwa limechakaa, limelazwa juu ya mawe bila magurudumu, swali ni lilelile: lilikuwa la nani? Na jibu halikosekani. Nimekua nikisikia magari mabovu ya mji huu yakipewa wenyewe wakubwa wakubwa. Fiat fulani ilikuwa ya mwigizaji wa sinema wa Roma, Peugeot fulani ya waziri aliyeiacha kasino kulipia deni, Range Rover fulani ya mwana wa mfalme asiyetajwa hata nchi yake. Lamu nako, ambako vichochoro vya mji wa kale vinamtosha punda na mzigo wake tu, utawakuta watu barazani wanabishana kuhusu gari ambalo mkubwa fulani aliliacha Mokowe akavuka kwa boti.

Msidhani ni porojo za Pwani. Wenye pesa zao nao huuliza swali hilihili, tofauti ni kwamba wao hulilipia.

Tarehe 29 Juni 1985, kwenye mnada wa Sotheby's mjini New York, ililetwa Rolls-Royce Phantom V ya mwaka 1965. Waliokisia bei walisema ingefika dola 200,000, ikizidi sana 300,000. Iliondoka kwa dola 2,299,000. Sasa, Phantom V zilitengenezwa 516 kati ya 1959 na 1968, zote na injini ya V8 ya lita 6.2, zote zikipita mita sita kwa urefu. Chuma kilekile, ngozi ileile, mbao zilezile. Hizo dola milioni mbili za ziada zilikuwa za kitu kisichoshikika kwa spana: mwenyewe wa kwanza alikuwa John Lennon wa bendi ya The Beatles.

Lennon aliipokea ikiwa nyeusi tii. Miaka miwili baadaye, 1967, akaipeleka kwa J.P. Fallon, gereji ya bodi iliyokuwa Chertsey, Uingereza, ikarudi imepakwa manjano na kujazwa maua, mikunjo ya rangi na alama za nyota. Ndani kiti cha nyuma kiligeuzwa ili kikunjuke kiwe kitanda, pakawekwa televisheni, simu, friji na mashine ya kuchezea santuri. Waingereza wengi walikasirika, kana kwamba mtu amechora ukuta wa msikiti. Mimi nilipoona picha yake mara ya kwanza sikushtuka hata kidogo. Mtu aliyepanda matatu za Mombasa na Nairobi ameshaona michoro mizito kuliko ile saa kumi na mbili asubuhi, akiwa hajanywa chai.

Mwaka 1977 Lennon na mkewe Yoko Ono waliitoa kwa jumba la makumbusho la Cooper-Hewitt, na hesabu za kodi zilikuwa nyuma ya ukarimu huo. Mnunuzi wa 1985 alikuwa Jim Pattison, tajiri wa Kanada, aliyeitaka kwa maonyesho ya Expo 86 ya Vancouver. Baadaye ikawa mali ya jimbo la British Columbia. Historia yake ni safi, ina karatasi kila hatua, na ndiyo maana siichoki.

Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani, naye alikuwa na Phantom V, ya 1963, samawati nzito. Hadithi inayoisindikiza ni tamu. Inasemekana kuku wa mama yake walikuwa wakijiona kwenye rangi ile inayong'aa, wakidhani ni kuku wageni waliovamia ua, wakawa wanaidonoa, hadi Elvis akalazimika kuipaka rangi hafifu isiyowaonyesha sura zao. Naipenda hadithi hii. Kasoro yake ni moja: mama yake Elvis, Gladys, alifariki Agosti 1958. Gari lilitengenezwa miaka mitano baadaye. Pengine kuku walikuwa wa mtu mwingine pale nyumbani, pengine gari lilikuwa jingine, lakini watu walio tayari kulipa mamia ya maelfu ya dola wanasimuliwa kuku wa marehemu na hakuna anayenyosha mkono.

Tuna kuku wetu pia. Wako mtaa wa Maweni.

Kuna ua mmoja huko wenye Mercedes ndefu chini ya mwembe, rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Barazani gari hilo lilikuwa na wenyewe watatu: mfalme wa Kiarabu, rais wa nchi jirani aliyepinduliwa, na waziri wetu mmoja wa enzi zile, kutegemea nani anasimulia na nani anasikiliza. Mwenye ua alitaka kuliuza. Dalali akamwambia likithibitika kuwa la rais, bei ni nyingine. Nikaitwa mimi kwa kuwa huandika habari za magari, nami nikamchukua ami yangu, ambaye ameshika spana za Mercedes tangu kabla sijazaliwa.

Tuliingia, masalkheri zikajibiwa, kahawa ikamiminwa. Ami hakulitazama gari. Alipiga goti akatazama chini yake, akagonga sakafu ya bodi kwa kitako cha bisibisi, akisikiliza. Kwa sisi tulio karibu na bahari chumvi haianzi kula juu. Huanza chini, kwenye mikunjo ya chuma ambako maji hutuama, na ukiona kutu imetokeza mlangoni ujue sakafu ilishaaga. Bisibisi ilizama mara mbili. Kisha akaomba maji na kitambaa. Boneti ikafunguliwa kwa nguvu, wakatoka mijusi, na Ami akaanza kukisugua kile kibati cha namba kilicho juu ya rejeta, taratibu, kama anayeogopa kufuta alichotaka kusoma. Tarakimu tatu za kwanza zikatokea: 123.

"Umeona, baba?" akaniambia. "Hii moja-mbili-tatu. Rais gani apande moja-mbili-tatu ndefu? Hii gari ya hoteli."

"Lakini Ami, mbona ni ndefu hivi?"

"Ndefu kwa wingi wa watu, si kwa ukubwa wa mtu. Hebu fungua mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ulikuwa mrefu kweli. Ndani, baina ya kiti cha mbele na kile cha mwisho, kulikuwa na safu ya kati ya viti vya kukunjwa. Wakibanana wanakaa wanane, dereva akiwemo. Viti havikuwa vya ngozi ya ng'ombe bali vya ile ya plastiki inayofutwa kwa kitambaa kibichi. Hakukuwa na kioo cha kumtenga dereva na abiria, wala pazia, wala mahali pa mlingoti wa bendera kule mbele. Chini ya zulia lililooza, mchanga. Mchanga wa pwani, mweupe, uliobebwa na miguu ya watu wengi waliokuwa likizoni.

Mercedes walianza kuuza W123 ndefu, ndiyo hiyo moja-mbili-tatu ya Ami, mwaka 1977 na wakaiacha 1985 pamoja na ndugu zake fupi. Waliongeza sentimita 63 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na wateja wao wakubwa walikuwa wenye hoteli, teksi na kazi za viwanja vya ndege. Hii ya Maweni ni ya dizeli, lita 2.4, nguvu za farasi zisizozidi 72. Ukishapakia wanane na masanduku yao, kupanda mlima ni dua.

Mwenye ua hakufurahi. Alimuuliza Ami kama macho yake bado yanaona vizuri. Dalali akasema kibati kinaweza kubadilishwa, jambo ambalo ni kweli, ila sijapata kusikia mtu anayekibadilisha ili gari lake lishuke hadhi. Aliyeiokoa jioni ile alikuwa mzee mmoja aliyekuwa mkekani tangu tuingie, hajasema neno. Akacheka, akasema gari kama lile aliliendesha yeye, si hili lakini pacha wake, alipokuwa dereva wa hoteli miaka ya themanini.

Hapo ndipo nilipotoa daftari. Mzee alikuwa akipokea Waitaliano uwanja wa ndege wa Mombasa na kuwaleta Malindi, kilomita mia na ushei. Daraja la Kilifi halikuwapo, lilifunguliwa 1991, kwa hiyo kulikuwa na feri, na feri maana yake foleni, na foleni maana yake wauza korosho madirishani na watoto wanaotaka kupigwa picha. Kiyoyozi kiliinyima injini nguvu, basi kila akianza kupanda alikuwa anakizima kimyakimya na akishuka anakiwasha, wageni wasijue kwa nini joto linakuja na kuondoka. Alijua nani hutapika akikaa nyuma. Alijua wanandoa gani walifika wakicheka na wakarudi uwanjani kila mmoja na dirisha lake. Majina ya hoteli, majina ya wageni, mwaka gani ndege ilichelewa mpaka asubuhi, yote anayo. "Nyinyi mnauliza nani alikaa nyuma," akatuambia. "Hamniulizi mimi niliyekuwa mbele."

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za magari ya wakubwa kutokea kiti cha mbele, na zinasomeka vingine kabisa.

Ami aliposema "gari la rais" alikuwa na moja kichwani: Mercedes 600. Ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1963, ikatengenezwa hadi 1981, jumla 2,677 tu. Orodha ya waliokuwa nayo ni ya ajabu, kwa sababu inawakutanisha watu ambao wasingekaa meza moja: Mao wa Uchina, Tito wa Yugoslavia, Ceaușescu wa Romania, Idi Amin, Mobutu, Shah wa Iran, na upande wa pili Elvis, Coco Chanel mbunifu wa mavazi na Lennon huyohuyo wa maua. Wahandisi hawakutaka mtu wa nyuma asikie mlio wa mota za umeme. Basi vioo, viti, hata mfuniko wa buti, vikawekewa mabomba ya mafuta yenye mgandamizo mkubwa, kiasi cha 150 kwa kipimo cha mgandamizo kiitwacho baa. Ukigusa swichi kioo hupanda kimya, na kina nguvu za kuumiza kidole. Gari lenyewe limekalia mifuko ya hewa badala ya springi.

Mwambie fundi yeyote wa Pwani maneno hayo, mafuta ya mgandamizo ndani ya milango na hewa chini ya gari la zaidi ya tani mbili na nusu, halafu mtazame usoni. Bomba moja likianza kuvuja hujui tatizo liko dirishani, kwenye kiti au kwenye buti, na ufa kwenye mfuko wa hewa hulifanya gari liamke asubuhi limelalia upande. Spea zake bei yake ni ya kununulia shamba. Ami husema angetaka kuiona 600, ila si gerejini kwake.

Katika hizo 2,677 kuna 59 za paa linalokunjuliwa nyuma, ili aliyekaa aonekane na umma huku dereva akibaki amefunikwa. Papa Paulo VI alipewa ya namna hiyo 1965. Wazo lenyewe si geni hapa. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, mfalme wa Malindi aliwaendea kwa chombo, na mmoja wa watu wa msafara ule aliandika alichokiona: viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa hariri nyekundu, mzee mmoja pembeni ameshika upanga mfupi wenye ala ya fedha, na siwa mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu zikipulizwa. Kivuli, kiti, mlinzi na honi. Mtu wa kuonekana amefunikwa jua, na watu wa kumsogeza mahali hadi mahali. Nahodha wa chombo kile, kama madereva wote, hakuandikwa.

Wachache wameandikwa. Aliyekuwa kwenye usukani Dallas tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais John Kennedy wa Marekani, alikuwa William Greer, askari wa ulinzi wa rais, na gari lilikuwa Lincoln Continental ya 1961 iliyorefushwa na Hess & Eisenhardt wa Cincinnati. Watu huliita gari la Kennedy, ilhali halikuwa lake hata siku moja. Lilikuwa mali ya kampuni ya Ford, iliyolikodisha kwa serikali kwa dola 500 kwa mwaka. Kiti cha nyuma kiliweza kuinuliwa kiasi cha sentimita 27 ili rais aonekane vizuri zaidi. Lilikuwa na kifuniko cha plastiki angavu, nacho hakikuwa cha kuzuia risasi, na siku ile hakikufungwa.

Wengi hudhani lilivunjwavunjwa baada ya mauaji. Nami ningeliangamiza, kusema kweli. Lakini lilirudishwa kiwandani, likawekewa bamba za chuma na paa lisilotoka, Lyndon Johnson, aliyemrithi Kennedy, akataka lipakwe rangi nyeusi badala ya ile samawati, na likaendelea kubeba marais mpaka 1977. Sasa liko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan. Nimewaza sana kuhusu Johnson akiingia mlango ule asubuhi ya kwanza, na kuhusu dereva aliyemfungulia.

Kifo cha Kennedy kilizaa soko lake. Januari 2011 kampuni ya mnada ya Barrett-Jackson iliuza gari la wagonjwa aina ya Pontiac, likidaiwa ndilo lililoubeba mwili wake kutoka uwanja wa ndege karibu na Washington. Mtu akatoa dola 120,000. Kumbe karatasi za maktaba ya Kennedy zilionyesha kwamba gari halisi lilisagwa Boston mwaka 1986. Wa Maweni wasicheke, na wasichekwe.

Kosa huweza kwenda upande mwingine pia. Makumbusho ya vita ya Kanada ilipokea Mercedes 770 mwaka 1970 ikiamini ni ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, kwa sababu mwanajeshi wa Marekani aliyeikuta juu ya behewa la treni mwaka 1945 aliambiwa hivyo. Miaka ya themanini mkutubi wa makumbusho hayohayo, Ludwig Kosche, akakaa na namba, picha na barua hadi akathibitisha kuwa ilikuwa ya Hitler. Hilo likaleta balaa lake: nani anataka kuwa na gari linalowavutia watu wa namna ile? Lakini namheshimu Kosche. Alifanya kazi ya Ami, ya kukisugua kibati, bila kujali nani atafurahi.

Ukitaka gari la mkubwa linalonisumbua kuliko yote, si refu. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi waliingia jumbani Addis Ababa kumwondoa Haile Selassie, mtu aliyezunguka maisha yake yote ndani ya magari ambayo raia zake waliyainamia barabarani. Walikuja na Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa kobe. Gari hilo lina milango miwili. Anayetaka kukaa nyuma ni lazima kwanza kiti cha mbele kikunjwe, ajipinde, apitishe mguu, kisha mwili. Mfalme wa Wafalme, mwenye miaka 82, aliingizwa hivyo, nyuma, mahali pake palepale pa heshima. Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya kumwambia mtu kwamba yamekwisha.

Na gari la Maweni? Dalali ameliweka mtandaoni. Tangazo linasema "Mercedes ya kifalme, historia ipo", bei imeongezwa mara mbili, na picha zimepigwa upande usio na kutu. Nilimwomba aandike walau kwamba lilikuwa la hoteli, akaniambia, ndugu yangu, hoteli haina sura.

Basi nawaomba nyinyi. Kama babako au mjomba wako aliendesha magari ya hoteli baina ya Mombasa na Malindi miaka ile, fungua kabati utafute picha. Ninayoitaka hasa ni ya W123 ndefu nyeupe ikiwa juu ya feri ya Kilifi, namba za usajili zikisomeka, na kama dereva anaonekana, niandikie jina lake nyuma ya picha kabla ya kunitumia. Yule mzee wa mkekani amenipa majina ya wenzake alioendesha nao. Wengine bado wako hai, Ngala na Mambrui, na nitaanza kuwapigia simu baada ya Ijumaa.